Rika Linalouziana: Historia ya Tineja Kama Mnunuzi Nchini Marekani

Mwaka 1900 kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 14 hadi 17 alikuwa mfanyakazi kuliko mwanafunzi. Takriban mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyesoma sekondari. Wengine walilima, walichimba makaa ya mawe, walisimama viwandani au walitumika majumbani, na ujira wao kwa kawaida uliishia mikononi mwa wazazi. Mwanasaikolojia G. Stanley Hall alichapisha kitabu kikubwa juu ya umri wa kubalehe mwaka 1904. Walimu na wachungaji walikisoma kwa makini, ila wafanyabiashara hawakuona humo cha kuuza, kwani asiye na fedha yake mwenyewe si mteja.

Kilichobadilisha hali hiyo ni mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Kazi zilipoadimika, watu wazima walizigombania na vijana wakasukumwa nje. Sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 ikabana zaidi ajira ya watoto. Kufikia 1940, zaidi ya vijana saba kati ya kumi wa umri huo walikuwa sekondari. Kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya vijana walishinda kutwa nzima na wenzao wa rika moja, bila mama wala mwajiri kuwaangalia. Mtindo wa nywele, urefu wa sketi na wimbo wa kupenda vikawa mambo ya kujifunza kwa wanafunzi wenzao. Kisha vita vya pili vya dunia vikaleta vibarua vya baada ya masomo, na pamoja navyo hela. Mwezi Oktoba 1944, umati mkubwa wa wasichana uliziba barabara za Times Square mjini New York wakitaka kumwona mwimbaji Frank Sinatra, hata polisi wakaitwa kwa mamia.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, jarida la Seventeen lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza, likiwa chini ya mhariri Helen Valentine. Nakala 400,000 za toleo hilo ziliisha ndani ya siku chache. Wasomaji walikuwapo; wenye bidhaa ndio waliokuwa na shaka, maana waliamini kuwa msichana wa sekondari huvaa anachonunuliwa na mama yake. Kazi ya kuiondoa shaka hiyo alipewa Estelle Ellis, mkuu wa uenezi wa jarida. Aliagiza utafiti, akaukusanya ndani ya msichana mmoja wa kubuni aliyeitwa Teena, mwenye miaka 16, kisha akampeleka Teena kwa viwanda na maduka kwa barua na vijitabu: anavaa nini, anakula nini, ana hela kiasi gani, anamshawishi vipi baba yake anunue. Hoja iliyowagusa zaidi wafanyabiashara ilikuwa kwamba Teena hatembei peke yake. Anataka kufanana na wenzake, kwa hiyo atakayempata mmoja amelipata kundi. Kabla ya muongo huo kwisha, Seventeen liliuza nakala zaidi ya milioni moja kwa mwezi, na kurasa zake zilijaa matangazo ya nguo, vipodozi na hata vyombo vya mezani vya fedha vya kuwekwa akiba kwa ajili ya ndoa.

Hoja hiyohiyo ilimtajirisha kijana wa Chicago, Eugene Gilbert. Mwaka 1945, akiwa na miaka 19 na akiuza viatu dukani, aliona kuwa duka lilikuwa na mitindo inayopendwa na vijana wenzake, lakini wao hawakuja. Akamshauri mwenye duka atangaze kwa ajili yao, na mauzo yakapanda. Gilbert hakubaki kwenye viatu. Aliona kuwa maarifa juu ya vijana ndiyo bidhaa yenye faida zaidi, akaanzisha kampuni ya utafiti wa soko. Wahoji wake walikuwa wanafunzi wenyewe, walioulizana maswali shuleni na vijiweni kuhusu soda, dawa ya meno au gari walilolipenda. Kijana ambaye angemdanganya mtu mzima mwenye tai alimweleza mwenzake ukweli bila kusita, na majibu hayo yakauzwa kwa makampuni makubwa. Ni ujanja rahisi, na ndio uliodumu kuliko mwingine wowote katika biashara hii. Mwaka 1958 mwandishi Dwight Macdonald alimchambua Gilbert kwa kirefu katika jarida la The New Yorker. Mwaka uliofuata jarida la Life likatangaza kuwa matineja wa Marekani ni nguvu ya ununuzi ya dola bilioni 10.

Kufikia wakati huo vyombo vya habari vilikuwa vimewafuata hadi chumbani. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilitoka mwaka 1949, na redio ya transista, inayoingia mfukoni, mwaka 1954. Kijana hakuhitaji tena kugombania redio ya sebuleni. Agosti 1957 kipindi cha American Bandstand, kilichorushwa kutoka Philadelphia na kuongozwa na Dick Clark, kilianza kuonekana nchi nzima kupitia televisheni ya ABC. Vijana walicheza muziki mbele ya kamera, na katikati ya nyimbo likaja tangazo la Clearasil, dawa ya chunusi. Katika kipindi kingine cha Clark, kilichodhaminiwa na chingamu ya Beech-Nut, watazamaji ukumbini walivaa beji za mdhamini. Tangazo na burudani vilikuwa vimeshonwa pamoja. Inafaa kukumbuka pia kuwa vijana weusi wa Philadelphia walizuiwa kwa hila mlangoni mwa Bandstand, ingawa muziki uliochezwa ulitoka kwa sehemu kubwa kwa watu wao. Tineja wa wenye matangazo alikuwa mzungu wa tabaka la kati.

Chunusi, harufu ya mwili, meno, uzito: bidhaa nyingi za miaka hiyo ziliuzwa kwa kuchochea hofu ya kuchekwa na wenzako. Lakini dawa ya chunusi haimuui mtu. Sigara inaua, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Baada ya matangazo ya sigara kupigwa marufuku redioni na kwenye televisheni mwaka 1971, kampuni zilihamia kwenye mabango, majarida na michezo. Hati za ndani za kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds, zilizofichuliwa baadaye na kesi za mahakamani, zinaonyesha kuwa tayari katika miaka ya 1970 kampuni hiyo iliwahesabu vijana wa kuanzia miaka 14 kuwa wateja wa kesho. Mwaka 1988 ikaleta Joe Camel, ngamia wa katuni mwenye miwani ya jua. Utafiti uliochapishwa Desemba 1991 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uligundua kuwa takriban asilimia 91 ya watoto wa miaka sita walimhusisha ngamia huyo na sigara. Kampuni ilimwondoa mwaka 1997, na makubaliano ya Novemba 1998 kati ya kampuni kubwa za tumbaku na majimbo 46 yakakataza katuni katika matangazo ya sigara.

Shule nayo haikusalimika. Kuanzia 1990, kampuni ya habari za televisheni ya Channel One, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Chris Whittle, ilizipa shule televisheni na dishi la setilaiti bila malipo. Kwa upande wao, wanafunzi walitazama dakika 12 za habari kila siku, mbili kati yake zikiwa za matangazo. Katika kilele chake ilifikia wanafunzi milioni nane hivi. Mteja huyu hakuweza hata kubadilisha stesheni.

Mwaka 2001 kampuni ya Procter & Gamble ilianzisha Tremor, mpango uliokusanya vijana zaidi ya 200,000 wa miaka 13 hadi 19 ili wazungumzie bidhaa kwa marafiki zao. Hawakulipwa mshahara, walipewa sampuli, kuponi na heshima ya kujua kabla ya wengine. Gilbert aliwatumia vijana kuulizana, Tremor ikawatumia kuuziana. Mitandao ya kijamii iliyofuata iliipanua kazi hiyo hadi kila mwenye simu akaweza kuwa mnadi wa chapa fulani, na maswali ya Gilbert hayakuhitajika tena, kwa kuwa kila mguso wa kioo hurekodiwa. Sheria ya nchi nzima inayolinda taarifa za watoto kwenye intaneti, iliyopitishwa mwaka 1998, inawahusu walio chini ya miaka 13 tu. Tineja mwenyewe, ambaye biashara yote hii ilijengwa juu yake, aliachwa nje ya sheria hiyo.