Daftari Tulilochoma

Tukiwa kidato cha nne, mwalimu wa kemia alitupa jaribio dogo: yeyusha amonia naitreti ndani ya maji, kisha usome kipimajoto. Joto likashuka bila mtu kutia barafu. Deskie wangu alishika bika, akacheka, akaandika pembeni mwa daftari langu: "Mbona inafanyika yenyewe?"

Swali lilikuwa la maana. Jiwe huporomoka lenyewe kwa sababu linapoteza nishati. Hii chumvi inavuta joto kutoka kwa maji, na bado inayeyuka bila kulazimishwa. Mwalimu alituambia tukariri tu, KCSE haitauliza sababu.

Kweli, haikuuliza. Tulipomaliza karatasi ya mwisho tukachoma madaftari nyuma ya bweni, tukiimba.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikisoma habari za mhandisi mmoja Mfaransa. Mwaka 1824 Sadi Carnot, akiwa na miaka 28, alichapisha kitabu chembamba kuhusu injini za mvuke. Alionyesha kwamba joto hufanya kazi likitoka penye moto kwenda penye baridi, na kwamba hata injini bora kabisa ina kikomo kinachowekwa na halijoto hizo mbili, hata fundi awe hodari vipi. Ni wachache waliomsoma. Mwaka 1832 kipindupindu kilimuua akiwa na miaka 36. Inasimuliwa kwamba vitu vyake vingi, pamoja na maandishi, viliteketezwa kwa hofu ya maambukizi.

Wengine waliliokoa wazo lake. Émile Clapeyron alilifufua mwaka 1834. Mjerumani Rudolf Clausius akalijenga upya, na mwaka 1865 akabuni jina entropi. Kanuni ya pili ya thamodinamiki ikawa hivi: ukijumlisha kitu na mazingira yake yote, entropi haipungui. Sababu ilielezwa na Ludwig Boltzmann, mzaliwa wa Vienna, mwaka 1877: hesabu njia ambazo chembe zinaweza kujipanga. Hali yenye njia nyingi zaidi ndiyo tunayoiona ikitokea.

Sasa rudi kwenye bika letu. Ndani ya punje ya chumvi, ayoni zimebanwa kwa safu. Zikiingia majini zinatawanyika kwa njia nyingi mno. Mazingira yanapoteza joto, kwa hivyo entropi yao inashuka, lakini ile ya ayoni inapanda zaidi. Jumla inaongezeka, na ndiyo maana inafanyika yenyewe.

Nilitamani sana kumpigia deskie wangu nimwambie. Alifariki tukiwa mwaka wa pili chuoni, na mwandiko wake pekee niliokuwa nao ulikuwa kwenye lile daftari. Atomu zake hazijapotea. Ziko kwenye majivu, kwenye moshi, labda kwenye mahindi ya mtu. Lakini njia za kuwa moshi na majivu hazihesabiki. Njia za kuwa ukurasa ule ni chache sana.

Hippolyte, mdogo wake Carnot, alihifadhi karatasi chache za marehemu, na mwaka 1878 akazikabidhi Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Mimi sikuhifadhi hata moja. Ndiyo maana nimeliandika swali lake hapa, neno kwa neno.