Ratili 23: Uzito na Kinga ya Mwili Kiambu

Mwaka 1931 tatizo lilikuwa wembamba. Daktari John Gilks, mkuu wa idara ya afya ya koloni la Kenya, na mwenzake John Boyd Orr wa Scotland walichapisha utafiti uliolinganisha Wakikuyu, walaji wa nafaka na viazi, na Wamaasai wa maziwa, nyama na damu. Mwanamume wa Kimaasai alimzidi Mkikuyu kwa kimo cha inchi 5 hivi na uzito wa ratili 23. Nimonia na vidonda sugu viliwaandama Wakikuyu zaidi. Utafiti huo ulikuwa na kasoro: ardhi nyingi nzuri ya Wakikuyu huko Thika na Ruiru, Kiambu, ilikuwa tayari mashamba ya walowezi, ya mkonge na kahawa, na shamba likienda hata chakula hubadilika.

Mafuta ya mwili hayakushukiwa na mtu. Kitambi kilikuwa dalili ya neema, na kwa wengi bado ni hivyo.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa wahudumu wanene wa hospitali, wakichanjwa homa ya ini aina ya B, walipata kingamwili hafifu. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake wa Harvard wakakuta mafuta ya panya wanene yakitoa TNF, kemikali ambayo seli za kinga hutumia kuwasha uvimbe. Kumbe mafuta si ghala tu! Kufikia 2003 ilijulikana kwamba seli za kinga ziitwazo makrofaji hujazana humo. Kinga hukesha kama bawabu asiyepokewa zamu. Virusi vikibisha hodi, vinamkuta hoi.

Korona ikalileta jambo hilo nyumbani. Aprili 6, 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na upande wa Thika mpaka ukawa daraja la Mto Chania. Miezi hiyo madaktari waliutaja unene uliokithiri, pamoja na kisukari na shinikizo la damu, kuwa hali zinazoongeza hatari ya kuugua vibaya.

Chipsi na smokie zisibebe lawama zote za unene huo. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi mwaka 2012, mkazi wa Ruiru anayefanya kazi mjini hukaa kwenye matatu asubuhi, hukaa ofisini mchana kutwa, kisha hukaa tena kwenye msongamano jioni. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya 100 wenye miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Lakini lishe duni haijaisha: utafiti huohuo ulikuta watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa.