Sansevieria
Sansevieria ni mimea ya jenasi Dracaena katika familia Asparagaceae, inayopandwa kama pambo katika vyungu na makopo. Spishi ya kawaida nyumbani, Dracaena trifasciata, ina asili ya Afrika ya Magharibi. Spishi ya porini iitwayo oldupai kwa Kimaasai ndiyo asili ya jina la Olduvai.

Mmea unaweza kukaa miaka bila ua, kisha shina la maua huchomoza ghafla, hasa mizizi ikibanana na mwanga ukitosha. Maua meupe yenye ukijani hufunguka usiku na kunukia. Wengine hudhani mmea unakufa, wakaukata. Kumbe chipukizi lililochanua haliongezi majani tu. Machipukizi ya pembeni huendelea. Kinachouua ni huruma ya maji mengi: hata wakati wa kiangazi cha Bariadi, Mkoa wa Simiyu, umwagiliwe udongo ukishakauka.