Watu Kumi na Mmoja, Mfereji Mmoja

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kitu cha kwanza mamangu alisema hakikuwa kuhusu karo, wala digirii, wala majirani watasema nini. Aliangalia begi nililoshuka nalo kwa matatu akasema, "Angalau nguo zako hazitasafiri tena."

Alikuwa na haki. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa natoka hosteli kila baada ya wiki mbili nikiwa nimebeba nguo chafu, navuka jiji lote hadi Eastlands, nazitupa kando ya mlango, halafu Jumapili jioni narudi chuo na nguo safi zimekunjwa. Sikuwahi kuuliza zinafuliwa saa ngapi. Kumbe ni usiku. Maji ya ploti yetu huja yanapotaka, na mara nyingi hutaka saa nane za usiku.

Nyumbani tuko watu kumi na mmoja: nyanya, wazazi, shangazi na watoto wake watatu, ndugu zangu watatu, na mimi. Vyumba vitatu, mfereji mmoja nje tunaotumia pamoja na majirani, na kamba nne za nguo zenye siasa kuliko bunge. Watano kati yetu wako shule, na shule hupenda mashati meupe kwa sababu ambazo mtu anayeyafua hajawahi kuelezwa.

Mtu asiye na kazi kwenye nyumba ya watu kumi na mmoja hupewa kazi. Mimi nikapewa nguo. Mathe alisema si adhabu, lakini nilivyoichukulia ilikuwa adhabu tu. Siku moja mjomba alipita akanikuta nimeinama juu ya karai, povu hadi kwenye viwiko. Akacheka sana. "Yaani university imekupeleka kwa kazi ya wanawake?" Kwa heshima ya umri wake nikacheka pia. Lakini swali liliniuma, na kwa sababu maktaba ya chuo ilikuwa imenifungia, nilianza kusoma kwa simu nikingoja maji. Makala hii ni jibu langu kwa mjomba, limechelewa kama miaka mitatu.

Hapa Nairobi penyewe mjomba amekosea. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899, mji ukaota kando yake, na waliofua nguo za mji huo kwa mshahara walikuwa zaidi wanaume. Neno dobi tumelitoa kwa Wahindi. Na kwenye nyumba za walowezi, aliyepika, aliyepanga meza na aliyechemsha shuka alikuwa mara nyingi mwanamume Mwafrika aliyeitwa "boi" hata akiwa na wajukuu. Kuanzia 1920 alitakiwa kutembea na kipande kwenye kikopo cha chuma, kina alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi yake. (Kila nikituma mtoto dukani akanunue sabuni ya kipande huwa nawaza hilo. Sidhani maneno hayo mawili yana undugu zaidi ya kukatwa, lakini akili hukaa na vitu vya ajabu ukifua.) Mwanamume huyo alikuwa akifua nguo za familia nzima ya watu wengine, anapiga pasi ya makaa, halafu kwake hakuna aliyetarajia aguse karai. Kumbe shida haikuwa mikono ya mwanamume. Kufua kulikuwa kazi kukilipwa, na kusipolipwa kukageuka tabia ya mama.

Hadithi iliyonishika zaidi, hata hivyo, inatoka mbali. Niliisoma nimekalia mtungi, simu ikiwa asilimia nane, na niliimaliza kwa kuombea betri.

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Kitty Wilkinson. Alizaliwa Ireland mwaka wa 1786, na akiwa na miaka tisa familia yake ikavuka bahari kwenda Liverpool, bandari ya Uingereza. Karibu na kufika, chombo kilipata ajali, na baba yake na dada yake mdogo wakafa maji. Kitty akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa bado mtoto. Akaolewa na baharia, baharia naye akapotelea baharini akamwachia watoto wawili. Baadaye akaolewa tena, na Tom Wilkinson, mbeba mizigo wa ghala, na nyumba yao ndogo ikawa na tabia unayoijua kama umekulia mtaani: mtoto wa jirani aliyefiwa anakuja kulala usiku mmoja, halafu haondoki. Nyumba ikajaa.

Mwaka wa 1832 kipindupindu kikaingia Liverpool. Watu walikuwa wamebanana kwenye vyumba vya chini ya ardhi, maji ya shida, na nguo za mgonjwa zinarudi kwenye kitanda kilekile. Kitty alikuwa na kitu ambacho majirani wengi hawakuwa nacho: sufuria kubwa ya kuchemshia maji, iliyojengewa juu ya moto jikoni mwake. Akawafungulia mlango. Waliotaka kufua nguo na matandiko walikuja kwake, wakachanga peni moja kwa wiki. Nguo zilichemshwa na kutiwa dawa ya klorini, zikaanikwa uani.

Zingatia mwaka. Daktari John Snow wa London alikuja kuonyesha kwamba kipindupindu kinasafiri kwa maji mwaka wa 1854, miaka ishirini na miwili baadaye. Robert Koch akatambua kile kijidudu miaka ya 1880. Kitty hakuwa na kijidudu wala ramani. Alikuwa na moto na akili ya mtu ambaye nyumba yake imejaa.

Wakubwa wa mji, wakiwemo jamaa wa familia ya Rathbone, waliona na kuanza kusaidia. Mwaka wa 1842 Liverpool ikafungua nyumba ya umma ya kuogea na kufulia kwenye mtaa wa Frederick, na mwaka wa 1846 Kitty na mumewe wakapewa kazi ya kuisimamia. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuruhusu miji mingine ijenge nyumba kama hizo kwa pesa za umma. Malkia Victoria alimtumia Kitty birika la fedha la chai. Mimi ningetaka kujua nani alilisugua hilo birika.

Nilipofika hapo simu ikazima na maji yakaja.

Kilichonisumbua usiku huo ni hiki: Kitty hakufulia watu nguo. Aliwapa mahali na moto, wakaja wakafua, pamoja, kwa zamu, kwa peni. Mimi nilikuwa nimerithi mpango wa mathe, ambao haukuwa mpango bali mwanamke mmoja anayebeba kila kitu. Kubadilisha huyo mwanamke awe mimi hakukuwa kumerekebisha chochote. Nilikuwa na mgongo mpya tu.

Na mitaa yetu imejengwa na hilo tatizo ndani yake. Nyumba nyingi ambazo serikali ya kikoloni, reli na baraza la mji walijenga upande huu wa Nairobi zilipimwa kwa mwanamume mmoja aliyekuja kufanya kazi, kitanda chake na sanduku lake, huku choo na maji vikiwa vya wote nje. Mke na watoto walitakiwa kubaki mashambani. Walikuja hata hivyo. Ploti zilizofuata baadaye ziliiga hesabu ileile, na ndiyo maana hata leo unaweza kupata familia sita zinatazamana kwenye mfereji mmoja kila Jumamosi asubuhi kama wagombea wa kiti kimoja.

Halafu maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a. Mwaka wa 2017 mvua zilipokosa na bwawa likashuka, jiji lilianza mgao, na mtaa wetu ukajifunza kusikiliza. Mathe hulala akiwa amefungua mfereji juu ya karai tupu, ili maji yakija kelele imwamshe. Mimi nilidhani ni tabia ya uzee.

Kakangu mkubwa, ambaye ndiye aliyefanikiwa, alileta jibu lake mwaka mmoja baada yangu kurudi: mashine ya kufua, ya mitumba, imebebwa na mkokoteni kutoka Gikomba. Tulipiga makofi. Nyanya akaiombea.

Hapo ndipo nilielewa watu wawili niliokuwa nimewasoma wakipingana. Hans Rosling, daktari Mswidi aliyependa takwimu, alisimama mbele ya watu mwaka wa 2010 akasifu mashine ya kufua kuliko uvumbuzi mwingi. Alisimulia siku familia yao iliponunua ya kwanza, yeye akiwa na miaka minne, nyanya yake akakaa kwenye kiti akaitazama ikizunguka tangu mwanzo hadi mwisho. Mamake akaweka nguo ndani, akamshika mkono, wakaenda maktaba. Kwake Rosling, unaweka nguo kwenye mashine na unatoa vitabu.

Mwingine ni Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria Mmarekani, aliyeandika kitabu mwaka wa 1983 kuonyesha kwamba vyombo vya kurahisisha kazi vilimwongezea mama kazi. Anasema kufua ndiyo kazi ambayo familia za Marekani zilikuwa wepesi kuitoa nje, kwa wafuaji na kwa madobi wakubwa wa mjini. Mashine ya umeme ikairudisha nyumbani, mikononi mwa mtu mmoja. Na kwa sababu ilikuwa rahisi, watu wakaanza kutaka shuka safi mara nyingi zaidi.

Kwetu Cowan alishinda ndani ya wiki mbili. Mashine ilihitaji maji yenye nguvu, na yetu hayana nguvu hata ya kupanda ngazi, kwa hivyo ilibidi tuimiminie kwa jagi. Na ghafla kila mtu akawa mheshimiwa. Binamu aliyekuwa akivaa jinzi siku nne akaivaa moja. Mathe, ambaye ndiye pekee aliyeelewa vile vitufe, akawa anasimama pale na jagi hadi usiku. Niliwaza kumwambia mjomba: sasa ona, tumenunua boi wa umeme na bado mathe ndiye anachota maji.

Aliyetuokoa ni shangazi. Hajawahi kusoma Cowan, lakini amelea watoto watatu kwa kuuza samaki na hapendi hasara. Ijumaa moja baada ya chakula alizima televisheni akatuambia kila mtu alete nguo zake chafu pale sebuleni, mbele ya watu. Lundo lilipanda hadi kwenye meza. Watu walinyamaza. Hatukuwa tumewahi kuliona lote pamoja. Kwa miaka ni mathe pekee aliyekuwa akiliona. Mzee alilitazama kwa muda, kisha akaenda kuleta soksi tatu alizokuwa ameficha.

Kutoka hapo mambo yalijipanga, kwa kelele lakini yakajipanga. Soksi na nguo za ndani kila mtu hufua zake akioga, hata mzee, na hilo halina mjadala. Nguo huloweshwa Ijumaa usiku. Jumamosi meupe huanza, na maji ya kusuuzia meupe ndiyo hulowesha ya rangi, ya rangi huenda kwa jinzi na viatu vya raba, na yaliyobaki yanaosha sakafu na choo. Zamani tulitumia mitungi kumi na minne ya lita ishirini. Sasa ni tisa. Wiki ambayo tunanunua maji kwa mkokoteni, mitungi hiyo mitano ni unga wa ugali.

Wadogo huanika soksi, kwa sababu vibanio ni mchezo kwao. Kaka, akiwa nyumbani, hukamua blanketi na mimi, mmoja huku, mwingine kule, tunalisokota kama tunavutana kamba hadi mmoja ateleze. Mzee hupiga pasi sare Jumapili usiku huku akisikiliza taarifa. Alijifunza akiwa kijana, akifanya kazi nyumbani kwa watu, na hakuwahi kutuambia hadi aliposhika pasi na sote tukaona mikunjo ya mikono ya mashati imesimama kama kisu. Tulikuwa na dobi ndani ya nyumba miaka hiyo yote. Nyanya hukaa kwenye kiti cha plastiki na redio, anachagua nyimbo na kushtaki wazembe. Ni kelele tupu. Majirani walidhani tuna sherehe, na wawili wameanza kuleta makarai yao upande wetu.

Mashine bado iko. Tunaiwasha maji yakiwa mengi, kwa shuka. Siku nyingine zote ni meza nzuri ya kukunjia nguo.

Sitaki kudanganya kwamba kila wiki inaenda sawa. Kuna Jumamosi watu hugombana kuhusu kamba, na kuna shati la shule lililogeuka waridi ambalo mwenyewe hajanisamehe. Sijarudi chuo pia, na mjomba bado huuliza.

Lakini mwezi uliopita mathe alivaa vizuri Jumamosi saa tatu asubuhi, akasema anaenda kwa chama, kisha atapitia kwa rafiki yake Kayole, tusimngoje. Sikumbuki lini mara ya mwisho aliondoka Jumamosi. Alisimama mlangoni akiangalia makarai kama mtu aliyesahau kitu, akaenda. Saa saba simu ikalia. Niliikimbilia mikono ikiwa na povu, nikidhani kuna shida.

"Huku kuna wingu," akasema. "Mmeanua?"