Alkemia ya Roho au ya Nafsi?

Kikaratasi kilikuwa kimepigiliwa kwenye mwarobaini, pale Ukunda barabara inapokunja kwenda Diani. Kilitangaza darasa la Jumamosi: "Alkemia ya Kiroho na Maana ya Alama Zake". Dereva wa tuktuk aliyekuwa akinisubiri alikisoma kwa sauti, akaguna.

"Mwalimu, hili kanisa jipya?"

Nikamwambia hapana.

"Basi mganga."

Nikasema hapana tena, ila safari hii kwa kusitasita. Aliyetafsiri kichwa kile alifuata kamusi neno kwa neno, na bado msomaji wa kwanza aliyepatikana barabarani alisikia kanisa, kisha akasikia uganga. Nilishuka kwenye tuktuk nikiwa bado na istilahi ile kichwani.

Tuanze na alkemia. Asili yake ni Kiarabu, al-kimiya, fani iliyompa umaarufu Jabir bin Hayyan wa Kufa katika karne ya 8. Mwaka 1144 Mwingereza Robert wa Chester alimaliza kutafsiri kitabu kimoja cha Kiarabu cha fani hiyo kwa Kilatini, na neno likaingia Ulaya likiwa bado limevaa ile "al" ya Kiarabu. Karne zilivyopita, Wazungu waliivua "al", wakabaki na jina la sayansi ya maabara, ndilo tuliloletewa darasani kama kemia. Kufikia 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, hakuna aliyeshangaa kuliona jaladani. Alkemia ilifuata njia hiyohiyo. Ile "ke" badala ya "ki" ni muhuri wa pasipoti: neno la jirani yetu wa ng'ambo ya bahari limetufikia kwa kuzunguka Ulaya nzima.

Wapo wanaotaka turudi kwenye kimia, tukate mzunguko. Siungi mkono. Ukimwambia mtu wa Msambweni "kimia", atasikia kimya na kungoja uendelee. Alkemia inakaa vizuri kando ya alfajiri, alasiri na Alhamisi, iacheni.

Vifaa vya fani vyenyewe, kinyume chake, vilikuja moja kwa moja na majahazi. Zebaki ni Kiarabu, na kiberiti pia. Nadharia ya zamani ilisema kila metali imezaliwa na viwili hivyo, kiberiti kinachowaka na zebaki inayokimbia, kwa vipimo tofauti. Baadaye Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyekufa 1541, akaongeza chumvi vikawa vitatu. Mfasiri wa Kiswahili ana maneno yote matatu mkononi. Taabu yake ni kwamba maneno yameingia majumbani yakapata kazi nyingine. Kiberiti leo ni kile kijisanduku cha njiti jikoni. Bati ni paa. Fedha ni hela. Risasi ni ya bunduki. Mtu akisimama sokoni Kwale kutangaza kwamba anajua kugeuza risasi kuwa fedha, atakayemfuata kwanza ni polisi.

Na polisi hawatakuwa wamekosea sana, maana Kenya ina alkemia yake ya kitapeli, ile ya wash wash: mabunda ya karatasi nyeusi, dawa ya kuoshea, na ahadi ya dola mbichi kesho asubuhi. Alkemia haijawahi kukosa matapeli, tangu enzi za wafalme wa Ulaya waliolipia tanuri wakingoja dhahabu. Ndiyo sababu wenye fani waliojiheshimu walianza mapema kusema kwamba dhahabu yao si ile ya sonara.

Hapo ndipo inapozaliwa hii inayoitwa ya kiroho. Risasi, metali nzito isiyong'aa, ni mtu kama alivyo: mzito wa tamaa na hasira. Dhahabu ni mtu huyohuyo aliyesafika. Moto ni mazoezi, ibada au mitihani ya maisha. Ndoa ya jua na mwezi, au ya mfalme na malkia, ni kupatana kwa vitu viwili vinavyovutana ndani ya mtu. Nyoka anayejimeza mkia ni kazi inayokula mwanzo wake ili iendelee. Kisha kuna rangi, ambazo ndizo ramani ya safari yote: weusi wa kuoza na kufa, weupe wa kuoshwa, na mwisho wekundu wa kukamilika. Waandishi wa kale waliweka na umanjano katikati, wa baadaye wakauacha.

Waislamu wa pwani hawahitaji kuambiwa kwamba lugha hii inafaa kuzungumzia ndani ya mtu. Al-Ghazali, aliyekufa 1111, aliandika kwa Kiajemi kitabu ambacho jina lake ni kimia ya saada, na hakina habari ya kuyeyusha chochote. Kinahusu moyo na namna ya kuufuta kutu. Ukimsoma yeye, unaona mara moja pale kikaratasi cha Ukunda kilipoteleza. Kinachotiwa motoni si roho. Roho, katika mafundisho hayo, imetoka kwa Mungu na haina taka. Kinachofunzwa, kinacholaumiwa na hatimaye kutulizwa ni nafsi, na Kurani yenyewe ina majina ya hali zake tatu: inayoamrisha mabaya, inayojilaumu, na iliyotulia. Hatua tatu, kama zile rangi tatu, ingawa sitaki kuzifunga pamoja kwa kamba niliyosokota mwenyewe.

Kwa hiyo mimi ningeandika alkemia ya nafsi. Neno "kiroho" kwetu limeshapata wenyewe: mkutano wa kiroho, nyimbo za kiroho, chakula cha kiroho. Si kosa la dereva kusikia kanisa. Nafsi ni pana zaidi. Anaielewa mwalimu wa madrasa, anaielewa mhubiri, na hata asiye na dini husema amejidhulumu nafsi yake.

Kuhusu mfano wa kuieleza, sidhani tuazime dhahabu. Kwetu kuna chokaa.

Mwambao huu wote, kutoka Tiwi hadi Shimoni, umekaa juu ya matumbawe. Wachoma chokaa hupanga magogo kwa duara, wakapakia mawe juu, wakawasha. Moto ukifika kama nyuzi 900, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyofungiwa ndani yake tangu lilipokuwa mdudu wa baharini, likabaki jepesi, jeupe, lenye kiu. Ukilinyunyizia maji hulia, hufuka mvuke, hupasuka likawa unga. Usiliguse kwa mkono mtupu. Unga huo ukikandwa na mchanga na kupakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa uliyoipoteza, polepole, miezi na miaka, mpaka urudi kuwa jiwe. Kuta za Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini Diani, zimefungwa kwa jiwe lililokufa namna hiyo likafufuka. Nyoka na mkia wake, bila kuchora nyoka.

Wala si kulazimisha mfano. George Ripley, padri wa Uingereza, mwaka 1471 aliigawa kazi ya alkemia katika milango 12, na wa kwanza ni kuchoma kitu mpaka kiwe unga. Jina la Kilatini la mlango huo limetokana na calx, yaani chokaa. Wafasiri wetu huandika "ukalsinishaji". Kwa nini, wakati "kuchoma chokaa" ipo na moshi wake?

Kwale imeona na alkemia ya viwanda. Kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, mchanga wa Maumba na Nguluku ulichimbwa, ukachujwa, ukapakiwa melini Likoni. Kilichotoka kwa wingi zaidi ni ilmenaiti, punje nyeusi tititi, ambayo viwanda vya nje huigeuza kuwa unga mweupe kuliko wote unaotiwa kwenye rangi za ukuta. Kutoka weusi hadi weupe, kwa tani.

Lakini kufanana si undugu. Ukiingia Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2008, utafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kupita. Nimemsikia mgeni akieleza papo hapo kwamba huo ndio weusi wa alkemia, hatua ya kwanza. Mzee aliyetuongoza alimtazama tu. Kaniki ni adabu ya mahali, ina wenyewe na sababu zake za Kidigo, na haikungoja Kilatini. Mwanasaikolojia Carl Jung, ambaye kitabu chake cha 1944 ndicho kilichowarudisha watu wengi kwenye alama hizi, alishuka Mombasa mwaka 1925, akapanda treni ya bara iliyompitisha Samburu na Taru, ambazo leo ni Kwale. Alkemia ilikuwa bado haijamshika. Mara nyingine huona ilikuwa heri kwa kaya zetu.

Rangi tatu nilizoziona kwa macho yangu zilikuwa Msambweni, barazani kwa bibi mmoja mla tambuu. Jani la kijani kiganjani, popoo iliyokatwakatwa, katu kidogo, kisha chokaa nyeupe kutoka kwenye kikopo kilichopauka. Hakuna chekundu hata kimoja humo. Akafunga, akatia kinywani, na baada ya muda midomo yake ikawa myekundu kama imepakwa. Ni chokaa inayofanya hivyo. Bila yake utatafuna majani tu. Aliniuliza ninaandika nini siku hizi. Nikajaribu kumweleza habari za moto, jiwe na nafsi.

"Mjukuu wangu," akasema, akichota chokaa nyingine kwa ncha ya kidole, "hii ukizidisha inakubabua ulimi."

Akanikunjia jani langu. Sikuwa nimefika stendi ya matatu, mate yalikuwa yamekwisha kugeuka.