Mashine ya kahawa inayosaga yenyewe: ukiwa Masasi au Newala, angalia haya kabla ya kutoa hela

Hela ya korosho ikishaingia, vitu vya kununua huwa vinajulikana: mabati, pikipiki, friji, televisheni. Ukitaka kuongeza mashine ya espreso inayojiendesha yenyewe, ile unayotia kahawa ya punje, unabonyeza kitufe na kikombe kinajaa, jua unanunua kitu ambacho kikiwa kipya mara nyingi hakishuki chini ya shilingi milioni moja. Na fundi wake huenda ukamtafuta Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi.

Kwa hiyo anzia kwenye usafi na matengenezo. Wingi wa picha za vikombe kwenye kioo utauangalia baadaye.

Ndani ya mashine hizi kuna kitengo kinachoshindilia kahawa iliyosagwa na kuipitisha maji ya moto kwa mgandamizo. Hapo ndipo machicha yanapoganda, na kwa joto letu yanaota ukungu haraka. Kwenye De'Longhi Magnifica S na Philips za mfululizo wa 2200 na 3200, kitengo hicho kinachomoka. Unafungua mlango, unakivuta, unakisuuza kwa maji matupu bila sabuni (sabuni inaondoa grisi), unakiacha kikauke, unarudisha. Mara moja kwa wiki inatosha. Jura ni mashine nzuri na kahawa yake ni tamu, lakini kitengo chake mtumiaji hakichomoi. Kinasafishwa kwa vidonge maalumu, na kikileta shida ya ndani ni kazi ya fundi. Kwa anayeishi Newala, mimi ningeiacha.

Kwenye maziwa kanuni ni ileile. Chombo cha LatteGo cha Philips kina vipande viwili, hakina mipira, unaosha kama bakuli. Magnifica S ina bomba la mvuke, unatoa povu mwenyewe kwenye jagi. Epuka zenye mipira myembamba ya kunyonyea maziwa kama huna uhakika wa kuisafisha kila siku, maana maziwa yakilala humo yanaoza.

Sasa maji, na hapa ndipo penye kazi. Masasi wanategemea chanzo cha Mbwinji. Newala iko juu ya uwanda, udongo ni wa kichanga, mvua inazama chini sana, na ndiyo maana tangu miaka ya 1950 mradi wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kutoka bondeni Mitema kuyapandisha juu. Anayenunua maji kwa madumu anajua thamani ya kila lita. Mashine hizi zinajisuuza zikiwashwa na zikizimwa, na maji hayo yanaishia kwenye trei. Tangi la Magnifica S au Philips 3200 ni lita 1.8, lakini usidhani lita zote hizo zitafika kwenye vikombe. Pika kahawa za nyumba nzima kwa mkupuo mmoja, usiwashe na kuzima mara tano kwa siku.

Adui mwingine ni chokaa, ule utando mgumu mweupe unaouona ndani ya birika. Ukiziba njia za maji, mashine inakufa polepole. Mashine mpya mara nyingi inakuja na karatasi ya kupimia ugumu wa maji: ichovye kwenye maji yako, kisha weka namba sahihi kwenye mashine ili ikukumbushe kwa wakati kuondoa chokaa. Wenye mapipa na visima vya kuvunia mvua wana bahati, maji ya mvua karibu hayana chokaa. Ila yamepita kwenye bati lenye vumbi na majani, kwa hiyo yachemshe na kuyachuja kwanza.

Umeme wenyewe hautakumaliza. Mashine ni wati 1,400 hadi 1,500 lakini inafanya kazi dakika chache tu, hivyo uniti moja ya LUKU inatoa vikombe zaidi ya kumi. Hatari ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Watu wengi wanachomeka kwenye friji gadi, na nyingi ni za ampea 5. Wati 1,500 kwenye volti 230 ni kama ampea 6.5, kwa hiyo tafuta kilinzi cha ampea 13. Inveta ndogo ya sola ya wati 500 usijaribu. Ukiletewa mashine na ndugu kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma: ikiandikwa volti 120, ukiichomeka ukutani inaungua. Na umeme ukikatika katikati ya kikombe, usilazimishe kuchomoa kile kitengo. Subiri urudi, washa, kitajirudisha mahali pake.

Kahawa je? Ya unga unaoyeyuka, kama Africafe, haiingii kwenye mashine hii kabisa, hata kwenye kile kimlango cha kahawa ya kusaga. Iliyotwangwa na tangawizi nayo hapana. Tafuta punje zilizokaangwa kiasi, zisizong'aa mafuta, maana mafuta yanaziba kinu. Usiangalie Kilimanjaro tu: lami ya Masasi kupitia Tunduru inakufikisha Songea, na mbele yake ni Mbinga, kwenye arabika ya Ruvuma. Kikombe kimoja kinakula kama gramu 10, hivyo kilo inatoa vikombe mia hivi. Jaza kidogo kidogo, nyingine ikae kwenye chombo kilichofungwa.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Achomoe kitengo na kukirudisha, asage kahawa, atoe vikombe viwili. Uliza waranti inahudumiwa wapi hapa Tanzania na mipira ya kuzuia maji kuvuja inapatikana duka gani. Ikija kwa basi, tangi na trei viwe vitupu, na isafiri ndani ya boksi lake la asili.

Kama nyumbani mnywaji wa kahawa ni mmoja, na anakunywa kikombe kimoja asubuhi, birika la moka linafanya kazi kwenye jiko la gesi au la mkaa, halihitaji LUKU, na kahawa yake ni nzito karibu kama espreso. Kinachochakaa mara nyingi ni ule mpira wa duara, na unabadilisha mwenyewe.