Istilahi za Sauti katika Opera: Mhusika Orfeo, 1762 hadi 1859

Makala haya yanachunguza istilahi za uimbaji wa mtu mmoja katika opera kwa kumfuatilia mhusika mmoja, Orfeo wa Christoph Willibald Gluck. Hoja kuu ni kwamba jina la aina ya sauti halitaji maumbile ya mwimbaji tu, bali pia desturi za zama zake.

Katika opera ya Kiitaliano ya karne ya 18, uimbaji wa mtu mmoja ulikuwa na sura kuu mbili. Resitativo ilifuata mwendo wa usemi na kuendeleza kisa. Aria ilikisitisha kisa ili hisia itawale. Katika aria da kapo, sehemu ya kwanza ilirudiwa baada ya ya pili, na hapo mwimbaji aliitia nakshi zake mwenyewe. Gluck na mshairi wake, Ranieri de' Calzabigi, walizipunguza nakshi hizo ili kisa kisimezwe na ufundi wa koo.

Orfeo ed Euridice ilipoonyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1762, Orfeo aliimbwa na Gaetano Guadagni, kastrato wa sauti ya alto. Kastrato alikuwa mwanamume aliyehasiwa utotoni ili sauti yake isigeuke kuwa nzito. Jukwaa la opera la Ufaransa halikuwakumbatia waimbaji wa aina hiyo. Kwa hiyo, kwa onyesho la Paris la mwaka 1774, Gluck aliiandika upya nafasi hiyo kwa Joseph Legros, mwimbaji wa teno ya juu. Mwaka 1859, jijini humo humo, Hector Berlioz aliirekebisha kwa ajili ya mwanamke, Pauline Viardot. Mhusika hakubadilika, aliyebadilika ni mwenye sauti.

Kwaya za Afrika Mashariki tayari hutumia soprano, alto, teno na besi kutaja sehemu nne za wimbo. Katika opera, maneno hayo humtaja pia mtu na nafasi yake jukwaani. Kamusi itakayoifasili alto kuwa sauti ya chini ya mwanamke, ikaishia hapo, itamfuta Guadagni, na pamoja naye watoto waliokatwa miili kwa ajili ya muziki. Inafaa basi kila kidahizo cha aina ya sauti kionyeshe mambo matatu: kimo cha sauti, mwimbaji wake na kipindi kinachohusika. Bila hayo, istilahi itakuwa imetoholewa, lakini historia yake itakuwa imeachwa nyuma.